Fremu ya Stenseli: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo (DRC), inaijua shaba tangu ikiwa jiwe. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929, na shaba safi ndiyo inayopitisha umeme ndani ya kila bodi ya saketi. Hata lehemu inayoshika vipuri juu ya bodi si ngeni kwa ukanda huu: aina inayotumika sana viwandani, SAC305, ni bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, na bati lilichimbwa Manono kwa miongo mingi. Kisichojulikana sana ni kifaa kinachoipeleka lehemu mahali pake.

Kifaa hicho ni stenseli: bati jembamba la chuma kisichoshika kutu, unene wake mara nyingi milimita 0.1 hadi 0.15, lililotobolewa kwa leza. Huwekwa juu ya bodi, pasta ya lehemu ikasukumwa kwa bapa la chuma lililoinama kama nyuzi 60, kisha bodi ikashushwa. Pasta hubaki penye matundu tu.

Zamani stenseli nyingi zilikuja na fremu zake za alumini, zimegandishwa kwa gundi kwenye wavu wa poliesta. Bidhaa ikibadilika, fremu nzima hukaa ghalani. Fremu ya kutumika tena hubaki kwenye karakana, na bati peke yake ndilo linaloagizwa. Kwa fundi wa Likasi, ambaye mzigo wake huenda ukapita Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa, tofauti hiyo si ndogo: bati jembamba husafiri ndani ya bahasha ngumu, fremu ya milimita 736 kwa 736 huhitaji sanduku.

Basi ipi ni bora? Wauzaji hupenda kuonyesha mng'ao wa alumini. Mng'ao hauchapi kitu. Anayejua kazi huuliza mkazo, na huuliza mara tano: katikati na karibu na kila pembe. Viwanda vingi hutaka niutoni 35 hadi 50 kwa sentimita. Lakini namba ya katikati peke yake hudanganya. Bati ni kama ngozi ya ngoma: likilegea upande mmoja, bodi inaposhuka upande huo huchelewa kuachana nayo, na pasta huburutwa au hubaki matunduni. Fremu yenye 38 kila mahali ni bora kuliko yenye 48 katikati na 30 pembeni.

Baada ya hapo mnunuzi atazame namna fremu inavyovuta bati. Zipo zinazovuta kwa springi, hewa ya kompresa ikitumika kuachia tu. Zipo zinazotegemea hewa ili kukaza. Zipo za skrubu, rahisi kwa bei, ambazo mkono wa fundi ndio huamua usawa wake. Penye umeme wa kukatikakatika, za springi zinastahili pesa ya ziada, kwa sababu kompresa ikizimika bati hubaki limekazwa.

Bati lenyewe lisisahauliwe, maana fremu nzuri haiponyi matundu mabaya. Kanuni ya IPC-7525, mwongozo wa usanifu wa stenseli, ni hii: eneo la tundu likigawanywa kwa eneo la kuta zake, jibu lisipungue 0.66. Tundu la duara la milimita 0.3 kwenye bati la 0.12 hutoa 0.625, nalo litang'ang'ania pasta. Bati likiwa la 0.1, tundu lilelile hutoa 0.75 na huachia vizuri. Kisha kioo cha kukuza kipite juu ya kuta: ziwe laini, bila makovu ya leza. Kingo za bati pia ziguswe kwa glavu, kwani bati tupu hukata kidole kama wembe. Fremu zilizofikiriwa vyema huja na mabati yaliyokingwa pembeni.

Fremu iliyotumika isikataliwe kwa uzee wake. Ilazwe juu ya kioo kinene: ikitikisika pembe moja, imepinda, na hakuna springi itakayoinyoosha. Ikitulia, ifungwe bati na kupimwa upya.

Kwa karakana inayoanza, fremu moja ya springi inayoingia kwenye mashine ya kuchapa pasta iliyopo inatosha. Pesa inayobaki inunue kipima mkazo kabla ya kununua fremu ya pili.