Pale Kiwanda Kilipoishia

Suzuki walipoiingiza sokoni SV650 mwaka 1999, walikuwa wameshaamua fedha ziende wapi na wapi zibanwe. Injini ilipewa kila ilichohitaji. Fremu ikawa ya aluminiamu, nyepesi na imara. Kwenye shokapu ndiko walikobana. Waendeshaji walipata pikipiki ya kilo 165 bila mafuta, yenye nguvu farasi zipatazo 70, tamu kuiendesha na ya bei watu wengi waliyoimudu, lakini ikikanyaga barabara mbovu usukani unaruka mkononi, na ukishika breki kwa nguvu pua inazama. Wapo wanaoiita kasoro. Mimi naiona kama kazi iliyoachwa njiani kwa makusudi, ikingoja mtu mwenye spana na subira. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu hapa: anayenunua SV ya mtumba, akaikagua kwa haki, kisha akaanza pale kiwanda kilipoishia.

Kabla ya hapo, pikipiki ya mbio yenye injini ya V ilikuwa chombo cha wenye nazo. Ducati wa Bologna ndio walioujenga umaarufu wake. Mhandisi wao Fabio Taglioni alibuni injini ya V ya cc 750 iliyowapa ushindi wa Imola mwaka 1972, Paul Smart akiwa wa kwanza na Bruno Spaggiari wa pili. Miaka ya 1990 ikaja Ducati 916, na Carl Fogarty akatwaa ubingwa wa dunia wa Superbike mara nne akiwa na Ducati. Wajapani waliona. Mwaka 1997 Honda wakatoa VTR1000F, Suzuki wakatoa TL1000S, zote za cc 996, zote kali. Lakini ni SV, yenye cc 645 tu, iliyoushusha mpangilio huo hadi kwa kijana anayelipwa mshahara wa kawaida.

Na mpangilio wenyewe unastahili maneno machache, maana ndiko utamu ulikoanzia. Silinda mbili zimetenganishwa kwa nyuzi 90, na konrodi zote mbili zimeshika pini moja ya kranki. Pistoni moja inaposimama juu kabisa tayari kugeuka, mwenzake yuko katikati ya safari yake, akikaribia kasi yake ya juu. Kwa hiyo uzito uliowekwa kwenye kranki unaweza kuumeza mtikisiko mkubwa wa pistoni zote mbili, na injini ikaenda laini bila shafti ya ziada ya kuisawazisha. Milipuko nayo hailingani nafasi: kranki inazunguka nyuzi 270 kati ya mlipuko mmoja na wa pili, kisha nyuzi 450 ndipo uje mwingine. Ndiyo maana mlio wake unachechemea, na ndiyo maana aliyewahi kuimiliki huutambua tangu mtaa wa pili.

Mpangilio huohuo una gharama yake, na mnunuzi lazima aijue. Silinda ya mbele imelala kuelekea gurudumu, hivyo maji ya mvua yanayorushwa na tairi yanaipiga moja kwa moja. Kwenye shimo la plagi ya mbele kuna kijitundu cha kutolea maji, kimefunguliwa ubavuni mwa silinda. Kikizibwa na matope, shimo linajaa, umeme unavuja, na pikipiki inabaki na silinda moja katikati ya mvua. Dawa yake ni waya mwembamba wa kuzibulia, grisi isiyopitisha umeme kwenye mpira wa plagi, na kipande cha kurefusha madigadi ya mbele. Ukienda kununua, mulika tochi pale. Kijitundu kikiwa safi, ujue aliyekuwa nayo aliijali. Kikiwa kimeziba, usikimbie, ila bei izungumzwe upya.

Ununuzi wa mtumba ni ufundi kamili, si utangulizi wa ufundi. Hapa Uingereza, ambako SV kuukuu ni nyingi, mnunuzi ana bahati moja kubwa: ukaguzi wa kila mwaka wa vyombo vya barabarani, uitwao MOT, huandikwa, na yeyote mwenye namba ya usajili anaweza kuusoma bure. Humo utakuta maili zilivyopanda mwaka hadi mwaka, breki zilivyokwisha, sili za shokapu zilivyovuja. Soma kabla hujatoka nyumbani. Halafu mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye injini. Injini ya baridi haifichi kitu: utaona inavyowaka kwa tabu au kwa wepesi, utasikia mlio wa cheni ya ndani, utaona rangi ya moshi wa kwanza.

Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Inama utazame vizuizi vya usukani kwenye fremu. Vikiwa vimepondeka, pikipiki hii imewahi kuanguka vibaya, hata kama kava zake ni mpya na zinang'aa. Tazama ncha za sehemu za kukanyagia. Vuta cheni nyuma ya sproketi uone inaachia kiasi gani. Kisha pima umeme kwenye betri injini ikiwa inazunguka mizunguko kama 5,000 kwa dakika: mita ionyeshe volti kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, fuata waya kutoka koili ya kuchaji hadi rektifaya, utafute kiungio kilichoungua.

Umeme usidharauliwe na yeyote. John Britten wa New Zealand alijijengea pikipiki ya V ya cc 1000 nyumbani kwake Christchurch, injini yake mwenyewe, akaipeleka kwenye mbio za Daytona mwaka 1992 ikawatesa wenye viwanda. Ilikuwa inaelekea kushinda. Hitilafu ya umeme ikaitoa mashindanoni karibu na mwisho. Sijui kazi ya mikono ya mtu binafsi katika pikipiki iliyofika juu kuliko ile, na bado kilichoiangusha ni kile mnunuzi wa SV anachoweza kukipima kwa mita ya bei rahisi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anayekuachia ufungue kiti, upime, uchungulie, huyo anakuuzia pikipiki. Anayekuharakisha anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa shokapu, na hapa sitaki kwenda haraka.

Ndani ya kila bomba la shokapu ya mbele ya SV kuna springi, oili, na fimbo yenye matundu. Gurudumu likipanda, oili inalazimishwa kupita kwenye matundu hayo, na ugumu wa kupita ndio unaoutuliza mwendo. Kwenye karatasi inatosha. Barabarani, matundu yasiyobadilika yana tabia mbili mbaya kwa wakati mmoja. Unaposhika breki mwendo wa shokapu ni wa polepole, oili inapita bila shida, na pua inazama. Ukigonga ukingo mkali wa shimo, oili inatakiwa ipite kwa ghafla. Mwendo wake ukiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka kama mara nne, shokapu inakakamaa, na pigo lote linakuja mikononi. Yaani ni laini inapotakiwa kuwa ngumu, na ngumu inapotakiwa kuwa laini.

Suluhisho lake ni dogo kiasi cha kukaa kiganjani: valvu inayokalishwa juu ya fimbo ile, chini ya springi. Kampuni ya Race Tech ya Marekani ndiyo iliyoisambaza sana. Ndani yake kuna kibamba kilichobanwa na springi ndogo. Oili ikija polepole inapita njia nyembamba. Ikija kwa kishindo, kibamba kinanyanyuka na kuifungulia. Lakini valvu haiwezi kutawala kama matundu ya zamani bado yanabana, kwa hiyo fimbo inatolewa na matundu yake yanatobolewa yawe makubwa. Hapa ndipo utakapomjua fundi. Kutoboa ni kazi ya dakika. Baada ya kutoboa, kila tundu lina kingo kali kama wembe, nje na ndani, na chembe za chuma zimeganda kwenye oili. Fundi wa kweli anachukua tupa ndogo, anasugua kila ukingo mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha anaiosha fimbo, anaipuliza, anaiosha tena. Hakuna mteja atakayeiona fimbo hiyo maisha yake yote.

Kisha oili mpya inamiminwa, bomba linapandishwa na kushushwa mpaka hewa iishe, na kimo cha oili kinapimwa kutoka mdomo wa bomba, shokapu ikiwa imekandamizwa hadi mwisho na springi ikiwa nje. Milimita chache zina maana, kwa sababu nafasi ya hewa iliyobaki juu ya oili nayo ni springi: ikiwa ndogo, shokapu inakakamaa mapema.

Springi zenyewe huchaguliwa kwa uzito wa mwendeshaji, na jambo hili ndilo linalonifanya niipende kazi hii kuliko nyingine yoyote ya gereji. Kiwanda hakikukujua. Kiliweka springi ya mtu wa wastani ambaye pengine hayupo, na nyingi ya zile za SV ni laini mno kwa mtu mzima aliyevaa jaketi la ngozi na buti. Wengine hudhani kuikaza springi kutoka juu kunaifanya iwe ngumu. Hapana. Kunainua pikipiki tu. Ugumu wa springi ni uleule. Ndiyo maana mtu hupimwa. Shokapu inapimwa urefu ikiwa imening'inia, kisha mwenye pikipiki anaketi na mavazi yake yote ya safari, msaidizi akishikilia, na inapimwa tena. Tofauti ikiwa kati ya milimita 30 na 35, ambayo ni kama robo ya mwendo wote, pikipiki imemkubali. Fundi makini hupima mara mbili, mara moja akiiacha itulie kutoka juu na mara moja kutoka chini, achukue katikati, kwa sababu msuguano wa sili hudanganya. Kikibaki kidogo cha kurekebisha, hukatwa kile kipande cha bomba kinachokaa juu ya springi. Mwisho wa yote unapata pikipiki iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mmoja, kama kanzu ya kwa fundi.

Nyuma ni rahisi zaidi. Shokapu ya GSX-R, pikipiki ya mbio ya Suzuki haohao, inayopatikana kwa wauza spea za pikipiki zilizovunjwa, huingia kwenye SV kwa marekebisho madogo, na ni bora mara nyingi kuliko ya asili. Wapo wanaong'oa hata mbele yote na kufunga ile ya GSX-R nzima, na breki zake. Ni kazi safi, naiheshimu, lakini kwa pikipiki nyepesi namna hii ya kuendea kazini na safari za Jumapili, valvu na springi sahihi zinatosha.

Tairi ya mbele ilitoka kiwandani ikiwa 120/60. Wengi huifunga 120/70, maana chaguo lake ni pana zaidi. Fanya hivyo, lakini kumbuka kuwa tairi hiyo inanyanyua mbele kwa milimita 12. Mabomba ya shokapu yasogezwe juu kwenye vishikizo vyake kwa kiasi hicho, la sivyo umeifanya pikipiki iwe nzito kukata kona bila kujua sababu.

Injini iachwe. Nasema hivyo kwa moyo wote. Kagua valvu kwa wakati, badilisha oili, linganisha kabureta, basi. Ekzosi ya kelele ndicho kitu cha kwanza watu wanachonunua, nacho hakimsaidii mwendeshaji kwenye kona hata moja. Vilabu vya mashindano Uingereza vilikuwa na hekima kuunda daraja la Minitwins juu ya SV650: injini hubaki karibu kama ilivyotoka kiwandani, na ushindani unahamia kwenye shokapu, breki, tairi na kichwa cha mwendeshaji. SV zimeshindana hadi Kisiwa cha Man, kwenye mzunguko wa kilomita zaidi ya 60 wa barabara za kawaida, kuta za mawe pande zote. Pale shokapu si anasa.

Msomaji wa Mbeya au Kisumu asidhani haya ni mambo ya Ulaya. Dereva wa bodaboda anayeongeza nguvu ya shokapu za nyuma kwa ajili ya magunia, akarefusha kiti, akafunga ngao ya chuma kulinda injini na miguu, anafanya kazi ileile: anakimalizia chombo ambacho kiwanda kilikitengeneza bila kumjua yeye wala barabara yake. Fundi wake chini ya mwembe angeielewa fimbo ile yenye matundu kwa kuishika mara moja.

Basi ukiikuta SV ya miaka ile, injini nzima, umeme mzima, fremu haijapinda, na shokapu zimechoka, usiiache kwa sababu ya shokapu. Ilipe bei ya haki. Fedha ya kwanza iende kwenye springi zinazolingana na uzito wako, ya pili kwenye tairi nzuri, na fundi atakayezisugua kingo za yale matundu mlipe vizuri.