Elimu ya Biashara Isiisahau Ruzizi

Siku hizi vyuo vyetu vyataka vijana wanaosomea biashara waijue dunia. Neno hilo ni jema. Lakini yafaa tuulize: dunia ipi, na kwa faida ya nani?

Kosa ninaloliona ni kudhani kwamba mambo ya kimataifa ni habari za makampuni makubwa ya Ulaya, zinazokaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa kesho yake. Kumbe Bukavu yenyewe imekaa mpakani. Kwa miaka mingi akina mama wamevuka daraja la Ruzizi na mizigo yao, wakihesabu faranga za Kongo, faranga za Rwanda na dola bila kalamu. Tena mwaka 2012 sheria za biashara za OHADA zilianza kutumika nchini kwetu, na mwaka 2022 tuliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hayo yote ni somo.

Tutazame mfano wa bati. Julai 2010 Marekani ilitoa sheria iitwayo Dodd-Frank, iliyoyadai makampuni yaeleze kama madini yao yatoka Kongo au nchi jirani. Nia ilikuwa kuwanyima fedha wenye silaha. Septemba ya mwaka ule Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hata Machi 2011. Na wanunuzi wengi wakajitenga. Wachimbaji wasio na bunduki wakakosa karo ya watoto. Sheria iliandikwa Washington, bei ya bati hupangwa London, na njaa ikaingia nyumba za Kivu.

Mwalimu anayefundisha jambo hili kutoka ncha zote mbili, huyo ndiye awafunguliaye vijana dunia. Atawauliza: nani alipata, nani alipoteza, na nani hakuulizwa? Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba haki yahusu pia mataifa tajiri na mataifa maskini, wala si tajiri na mfanyakazi wake tu.

Wengine watasema kwamba bila vitabu vya ng'ambo tutabaki nyuma. Kweli, na vije. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi elimu ya kigeni ikaribishwe. Lakini ikiwa mwenyeji haponi, mgeni huyo amekuja kula tu.