Uoshaji Unaoanza Bila Maji

Udongo wa Mufindi ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichopata kutu ndani yake. Mvua zikikolea, bodaboda anayeshuka kutoka mashamba ya chai au misitu ya mbao huingia Mafinga mjini na pikipiki isiyojulikana ilinunuliwa ikiwa rangi gani. Tope hilo peke yake halimsumbui mtu, kwani maji na sabuni ya unga vinalimaliza. Kazi iko pale lilipokutana na oili: kwenye sproketi, chini ya injini, katikati ya mapezi ya silinda. Hapo vumbi na oili vimepikwa na joto la injini mpaka vikawa gamba jeusi ambalo maji yanateleza juu yake tu.

Muoshaji hodari utamjua kwa namna anavyochelewa kushika ndoo. Pikipiki ikifika inachemka, anaiacha ipoe. Sabuni ikikaukia kwenye chuma cha moto huacha madoa, na maji baridi ya ghafla hayaitakii mema injini iliyochemka. Ikisubiri hivyo, yeye huziba mdomo wa ekzosi kwa tambara, kisha huanza kukwangua gamba likiwa kavu kabisa. Anatumia kijiti, si bisibisi, maana bisibisi huchubua aluminiamu na kila mchubuko huwa shimo jipya la kushikilia uchafu.

Baada ya hapo ni mafuta ya taa. Wapo wanaotumia petroli kwa kuwa ina kasi, nami sioni werevu wowote wa kumwaga petroli karibu na injini ambayo huenda bado ina moto. Mafuta ya taa ni ya polepole. Anayapaka kwa brashi kwenye cheni, anazungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, kisha anaacha yalainishe. Mswaki uliochakaa ndio unaoingia kati ya pingili za cheni na kwenye mapezi. Uchafu unaanza kushuka kama uji mweusi, naye anaukinga kwenye beseni usiende mtaroni. Akifika karibu na ngoma ya breki mkono wake unabadilika: anafuta kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu, kwa sababu mafuta yakipenya hadi kwenye viatu vya breki, pikipiki itang'aa lakini haitasimama.

Ekzosi ina somo lake. Koti la mvua likigusa bomba la moto, plastiki huyeyuka na kuganda, na hakuna sabuni inayoiondoa. Hapa muoshaji huyuhuyu aliyesubiri injini ipoe anachomoa tambara kwanza, anaiwasha tena dakika chache, plastiki ilainike, aikwangue kwa kijiti, kisha anaizima na kurudisha tambara bomba likipoa. Kutu nyepesi kwenye kromu anaisugua kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyoloweshwa maji. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kuacha mikwaruzo ambayo msasa ungeiacha.

Maji yanakuja mwishoni, tena kwa adabu. Pampu ya nguvu inapendwa kwa haraka yake, lakini ikielekezwa kwenye vitovu vya magurudumu husukuma maji hadi kwenye beringi na kuitoa grisi. Mwenye chombo hatajua siku hiyo. Atajua gurudumu litakapoanza kulia. Muoshaji hodari hapo hutumia kopo.

Pikipiki ikikauka, cheni inapata oili mpya, matone upande wa ndani ili mzunguko wenyewe uisambaze, na inayozidi inafutwa, maana ndiyo itakayokamata vumbi la kesho. Breki zinajaribiwa kwa mwendo mdogo hadi zishike. Tairi hupakwa dawa ya kung'arisha ubavuni tu. Wateja vijana hutaka ing'ae yote, hata panapogusa barabara, na huwa wanabisha kweli. Anawakatalia, dawa ile inateleza.