Mapenzi Chini ya Sheria ya Kifo

Mwezi wa Machi 1940, serikali ya Hitler ilitoa amri juu ya Wapolandi waliopelekwa Ujerumani kufanya kazi za lazima. Kila mmoja alipaswa kushona kifuani kitambaa chenye herufi P. Na Mpolandi aliyelala na mwanamke wa Kijerumani adhabu yake ilikuwa kifo. Juu ya amri hiyo imejengwa sinema ya Andrzej Wajda wa Polandi, Eine Liebe in Deutschland, yaani Mapenzi katika Ujerumani. Ilitolewa mwaka 1983, kutokana na kitabu cha Mjerumani Rolf Hochhuth cha mwaka 1978.

Kisa chatokana na mambo yaliyotukia kweli. Paulina ana duka kijijini, na mumewe yuko vitani. Ampenda Stanisław, mateka kijana wa Kipolandi. Siri yafichuka: kijana anyongwa, Paulina apelekwa kambini.

Sifa kubwa ya sinema hii, kwa maoni yangu, haimo katika wapenzi bali katika majirani. Yuko mwanamke anayelitamani duka la Paulina. Wengine wapenda kusengenya tu. Amri ya mbali isingaliweza kumfikia kijana yule pasipo midomo yao. Tena mtazame yule ofisa atakaye kumwokoa kwa kuthibitisha kwamba yafaa ahesabiwe Mjerumani: macho na nywele zake zalinganishwa na sampuli za rangi, mfano wa mtu achaguaye kitambaa dukani. Twacheka, kisha twaona haya kwa kucheka.

Kasoro yake ni Stanisław mwenyewe. Paulina, aliyechezwa kwa nguvu na Hanna Schygulla, apewa hasira, tamaa na kiburi. Stanisław, ambaye ndiye atakayekufa, huwa mtu wa kutazamwa tu. Mpaka pale anapokataa kugeuzwa Mjerumani ndipo tumwonapo mtu kamili, na muda wake umekwisha. Ni ajabu kwamba mtengenezaji wa Kipolandi amemnyima Mpolandi wake maneno.

Wala mwanafunzi asidhani kwamba kisa hiki chaeleza yote. Katika Polandi yenyewe, iliyotekwa mwaka 1939, mizani ilielemea upande mwingine: mwanamume Mjerumani alikuwa na bunduki na chakula, mwanamke wa Kipolandi alikuwa na njaa. Huko nako mahusiano yalikatazwa, lakini Mjerumani hakunyongwa kwa ajili hiyo. Wako wanawake waliopenda, wako waliotafuta mkate, na wako walioshikwa kwa nguvu. Kuwaita wote kwa jina moja, wapenzi au wasaliti, ni kuwadhulumu.

Mwishowe Wajda amrudisha kijijini mwana wa Paulina, sasa mtu mzima, aulize yaliyompata mama yake. Wazee hawapendi kujibu. Nje ya sinema, maswali ya Hochhuth yalifika mbali zaidi: alipofichua kazi ya Hans Filbinger, aliyekuwa hakimu wa jeshi la majini wakati wa vita, Filbinger alilazimika kujiuzulu uongozi wa jimbo la Baden-Württemberg, Agosti 1978.