Kiambishi ku- na Mkazo: Mwanya katika Sarufi za Shule Utazamwapo kutoka Bugarama

Kanuni ya mkazo katika Kiswahili huelezwa kwa sentensi moja: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Sarufi nyingi za shule huitaja katika sura ya matamshi, huongeza mfano wa barabara, kisha huiacha. Kurasa nyingi baadaye, katika sura ya vitenzi, mwanafunzi huambiwa kwamba vitenzi vya silabi moja hubakiza ku-, pasipo sababu. Utengano huo ndio kasoro yenyewe.

Sababu imo katika silabi. Viambishi -na-, -me-, -li- na -ta- havibebi mkazo. Mzizi mfupi ukivifuata moja kwa moja, mkazo hukosa pa kukaa. Hivyo ku- huingia kuupokea: a-na-KU-la. Kikiwapo kiambishi cha mtendwa, ku- haihitajiki tena: a-na-M-la, ambapo m ni silabi kamili. Kadhalika a-KI-la na HA-li. (Ku- ya hakula ni nyingine, hiyo ni ya wakati uliopita.) Kilichokuwa orodha ya kukariri kinakuwa kanuni moja.

Katika Bugarama, wilayani Rusizi, kasoro hii ina gharama. Tambarare hiyo ya mpunga inapakana na Kongo upande wa Kamanyola na Burundi ng'ambo ya mto Ruhwa, na Kiswahili kilisikika huko kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Hata hivyo, lugha ya nyumbani ni Kinyarwanda, ambacho hutofautisha maneno kwa toni na urefu wa irabu, mambo ambayo maandishi ya kawaida hayaonyeshi: umuryango ni familia, tena ni mlango. Kitenzi chake kurya huwa ararya, bila ku-. Basi mwanafunzi aandikaye *anala hakubahatisha. Amefuata sarufi aijuayo. Kumkata alama bila kumweleza mkazo ni kumwadhibu kwa ukimya wa kitabu.

Mgeni anayejifunza Kiitaliano hulazimika kujua mkazo pamoja na mnyambuliko, kwa kuwa parlo ni "nasema" na parlò ni "alisema". Vitabu vya Kiswahili vimemdhania msomaji mwenye sikio tayari. Jedwali moja la anakula, anamla, akila na hali, yaliyogawanywa silabi, lingeweza kuingizwa katika mwongozo wa mwalimu bila kungoja toleo jipya la kitabu.