Aliulizwa, Akacheka: Jokha Alharthi na Kazi ya Kuandika Mapenzi

Ndugu zangu, Jumatano moja hivi karibuni nilitoka Nizwa kwenda Ibra kumwamkia shangazi yangu. Nilimkuta ndiyo kwanza anarudi kutoka soko la wanawake, lile la Jumatano ambalo sisi wanaume hatuna ruhusa ya kuingia, amebeba mikoba yake na hadithi zake. Baada ya kula tukakaa na kahawa, tunazungumza Kiswahili kama kawaida. Katika nyumba ile Kiarabu ni cha wageni na cha televisheni. Mjukuu wake, msichana wa chuo kikuu, alikuwa ana kitabu mkononi, Sayyidat al-Qamar cha Jokha Alharthi, kwani ametakiwa akiandikie insha. Shangazi akamwambia, hebu tuhadithie.

Msichana akahadithia, Kiswahili kimechanganyika na Kiarabu: Mayya amekaa na cherehani yake, amempenda kimyakimya kijana aliyerudi kutoka London bila ya shahada, akaozwa Abdallah mtoto wa tajiri. Shangazi akamkatiza: "Sasa huyo Mayya, mumewe alimpenda au hakumpenda?"

"Aliulizwa, bibi. Mumewe mwenyewe alimuuliza."

"Akasema nini?"

"Akacheka."

Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mwandishi huyo kazi yake anaijua."

Mimi nimesoma mambo haya Ujerumani mpaka nikapewa udaktari, na nakiri kwamba uhakiki mfupi na wa haki kuliko huo sijauandika. Haya yanayofuata ni maelezo tu ya sentensi ya shangazi.

Kwa ambao hawajakisoma: kitabu kilitoka Beirut mwaka 2010, kwa Dar al-Adab. Tafsiri ya Kiingereza ya Marilyn Booth, Celestial Bodies, ilichapishwa Scotland mwaka 2018, na mwaka 2019 ikapata tuzo ya Man Booker International, mara ya kwanza kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu. Pauni 50,000 zikagawanywa sawa kwa sawa baina ya mwandishi na mfasiri. Mimi ningekuwa na usemi ningeliiga jambo hilo kwetu, ambako mfasiri hata jina lake hulioni jaladani. Lakini hayo tuyaache.

Ninalotaka kulizungumza ni namna anavyoandika mapenzi. Jokha mwenyewe ameeleza katika mahojiano kwamba alianza kuandika akiwa Edinburgh, mwanafunzi wa udaktari, ana mtoto mchanga, mchana anahangaika na Kiingereza cha kitaaluma na usiku anarudi kwenye Kiarabu chake kama mtu anayerudi kwenye moto kuota. Sisi tuliosomea nchi za baridi tunaijua hali hiyo. Wengine tuliandika mashairi ya kumlilia mama na nazi. Yeye aliandika kijiji, al-Awafi, ambacho hukikuti kwenye ramani ingawa mtu wa hapa akisoma anausikia mfereji wake wa falaji na anajua nyumba ipi ni ya nani.

Na tasnifu yake ilihusu nini? Mapenzi ya Udhri, wale washairi wa kale wanaopenda mpaka wakafa na, kama tulivyofundishwa, bila ya kugusana. Yeye alidai kwamba mwili umo katika mashairi yale, tumekataa kuuona tu. Naona riwaya ni upande wa pili wa hoja hiyo. Asma, dada wa pili, ni msomaji wa vitabu vya zamani. Anaikuta ile kauli kwamba roho ziliumbwa mviringo kisha zikagawanywa, kila nusu inaitafuta nusu yake. Maneno matamu, hata kwenye kadi za harusi yangefaa. Anaolewa na Khalid, mchoraji, na baada ya muda anagundua kwamba mumewe si nusu ya kitu chochote. Ni duara kamili linalozunguka katika njia yake peke yake. Hakuna ugomvi wala hakuna machozi. Khawla, wa tatu, anamngojea binamu yake aliye Canada, anaolewa naye, anavumilia miaka, na siku mume anapotulia nyumbani ndipo yeye anapodai talaka. Msomaji aliyezoea riwaya za mapenzi atasema mwandishi amekosea kuhesabu, malipo yamefika na mwenyewe anayakataa! Lakini wallahi nimewaona wanawake wa namna hiyo, na nyinyi mmewaona.

Fani yake iko katika kugawa sauti. Abdallah peke yake ndiye anayesema "mimi". Yumo ndani ya ndege kuelekea Frankfurt, akili inaruka huku na huku, mara baba yake anamtundika kisimani kwa kamba, mara binti yake London (ndiyo, Mayya alimpa mtoto jina la mji alikotoka yule kijana asiyempata, na mume hakuelewa). Wengine wote wanasimuliwa kwa mbali, kwa sura fupifupi. Kwa hivyo asiyependwa ndiye aliyepewa kinywa, na mwanamke ambaye tungetaka sana kumsikia amepewa cherehani. Wapo wasomaji waliolalamika kwamba wanapotea. Mimi pia nilipotea mara ya kwanza, na nilikasirika. Mara ya pili nikaona kwamba ndivyo habari zinavyotufikia katika nyumba zetu, huyu kasema nusu, yule kanyamaza, unakuja kuelewa umeshakuwa mzee.

Linganisheni na Adam Shafi. Vuta n'kuvute (1999) ni riwaya ya mapenzi pia, na naipenda, tena filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imewarudisha vijana kwake. Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi, anaozwa Raza aliye sawa na babake, anakimbia, anakutana na Denge. Kwa Shafi mapenzi yana adui anayejulikana, mkoloni, mila, ubaguzi. Ukiondoa adui, wangelipendana wakaishi. Kwa Jokha adui hayupo mlangoni. Ukiondoa kila kizuizi, Asma bado analala karibu na duara kamili. Sisemi nani bora. Nasema waandishi wetu wa Kiswahili wamejifunza sana kuandika mapenzi yaliyozuiwa, na kidogo sana mapenzi yaliyoruhusiwa.

Sasa nifike panaponikera, maana ningesifu tu mngesema nimeanza kuzeeka.

Zarifa. Mtumwa wa Bwana Sulayman, aliyemlea Abdallah, aliyelala na bwana wake, mwanamke anayesema kwa methali moja baada ya nyingine. Jokha anamzalisha tarehe 25 Septemba 1926, siku ileile ambayo huko Geneva dola zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku utumwa. Huyo ni mwandishi anayejua kuweka kisu mezani bila ya kupiga kelele. Oman utumwa ulifutwa mwaka 1970. Mwanawe Sanjar anasema sisi ni watu huru na anakwenda zake Kuwait, mama anabaki hajui uhuru huo auweke wapi.

Kero yangu ni hii: ninapomsoma Zarifa ninasikia methali zake, na sikio langu linangojea lugha yetu ipite, hata neno moja la kutukania, nayo haikai kitako. Nendeni Sur kwenye ngoma ya lewa mkasikilize kinachoimbwa. Tazameni majumba yaliyobomoka ya al-Manzifa hapa Ibra, fedha yake ilitoka wapi kama si pwani yetu? Kijiji cha Sharqiya kisichokuwa na mtu anayenong'ona Kiswahili jikoni, mimi kinanipa tabu kukiamini. Mtaniambia mwandishi hana deni la kuandika sikio langu. Kweli. Lakini ukichagua kuandika nyumba kwa kupitia minong'ono yake, lazima uulizwe minong'ono ya lugha gani.

Na lipo jambo zito zaidi. Baina ya Zarifa na bwana wake kuna kitu ambacho sisi tuna neno lake, usuria, na Kiingereza hakina neno hilo, hata wakijaribu. Zanzibar, amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa iliwaacha masuria nje, wakahesabiwa kama wake. Ilibidi kungojea mpaka 1909. Yaani sheria yenyewe ilikaa miaka 12 haijui mwanamke yule ni mke au ni mali. Basi tusimlaumu mwandishi akituacha na sisi hatujui. Wapo waliosema Jokha amemfanya Zarifa mchangamfu mno, mwenye mwili na hamu na kicheko, na kwamba hivyo ni kumpunguzia bwana dhambi yake. Siafiki. Kumnyima mtumwa hamu ni kumnyang'anya mara ya pili. Dhambi ya bwana haipungui kwa sababu aliyemilikiwa alicheka.

Nasema hivi nikiwa na sababu ya nyumbani. Mama yake babu yangu alikuwa suria. Katika karatasi ya nasaba tuliyonayo wanaume wanapanda majina 14 juu, bin fulani bin fulani, na yeye ana jina moja tu, halina baba. Nilipokuwa mdogo Unguja niliambiwa kwamba bwana wake "alimpenda sana". Sentensi hiyo ndiyo yote tuliyorithi kuhusu yeye, na ni sentensi ya kuhusu bwana. Yeye alipenda nini, hakuna aliyeuliza. Zarifa ni mtu wa kwanza katika riwaya yoyote niliyoisoma aliyenifanya niione karatasi ile kama karatasi yenye shimo.

Siku ile Ibra nilimwambia msichana ayaandike haya katika insha yake, Jokha na Adam Shafi pamoja, ndoa iliyoruhusiwa na penzi lililozuiwa. Akapenda sana wazo. Nikamuahidi kumletea Vuta n'kuvute. Akaona haya kidogo, kisha akaniuliza kama ipo kwa Kiarabu, maana Kiswahili anakizungumza tangu alipojua kusema, lakini hajapata kufundishwa kukisoma. Shangazi akasema mlete hivyohivyo, atamsomea yeye, ila mimi nikumbuke kuleta chenye maandishi makubwa.