Luke Hakukaa Matanga

Vijana wetu wa kipaimara hapa Morogoro wanaipenda Star Wars, filamu ya George Lucas ya 1977. Luke Skywalker analelewa jangwani na Owen na mkewe Beru. Kiingereza hakituambii kama Owen ni mjomba au baba mdogo. Vijana humwita mjomba, na milimani Uluguru, ambako ukoo hufuata mama, mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto. Anamzuia Luke asiende chuoni mpaka mavuno yapite. (Mkulima yeyote wa Mgeta angemwelewa.)

Kisha askari wanachoma nyumba. Luke anaikuta mifupa ya walezi wake ikifuka moshi, na mara anaondoka na mzee Obi-Wan. Hakuna maziko, hakuna matanga. Obi-Wan anapouawa ndipo Luke anaomboleza, tena kwa mtu aliyeanza kumfahamu juzi. Na anayemfariji ni Leia, ambaye sayari yake nzima imelipuliwa. Leia amfariji nani?

Hapo tunagombana na filamu. Msiba umefanywa mlango wa safari tu. Yesu alijua atamfufua Lazaro, hata hivyo alilia kabla ya kufika kaburini. Katika sharika zetu wapo watoto waliozika mzazi Jumamosi, Jumatatu wakaambiwa wajikaze, mtihani umekaribia. Luke akipanda chombo, nao hushangilia kama wenzao. Tukiwauliza ni nani aliyemzika Owen, wananyamaza.